Mwitiko wa Sanduku

Kuku wawili walikuwa wameshahamia
ndani ya sanduku la spika la baba, Barabara ya Kumi na Nne,
mmoja anaatamia palipopita waya.
Niliwatoa kwa adabu, maana walikuwa na haki ya upangaji
kunizidi mimi niliyeondoka Ngamiani
bila hata kulifunika turubai.

Mvule, mbao nane. Fundi Sebarua alizipiga randa
enzi kambi ya mkonge ikilipa mishahara kwa wakati.
Usoni gunia badala ya kitambaa,
na koni ya karatasi ina kiraka:
singa za mkonge, gundi ya fundi viatu,
kazi ya baba usiku wa harusi moja ya Muheza,
spika ilipochanika bibi harusi akiwa mlangoni
na watu hawakujua.

Dada Mwanakombo keshapata mnunuzi.
Seremala wa Chumbageni anataka mbao, si historia.
"Una mpaka Jumamosi," kaniambia.
"Ukitaka sauti, chukua sauti. Sanduku linaondoka."

Basi nikaazima maikrofoni ya kwaya,
nikaiweka vidole vinne kutoka kwenye gunia,
kando kidogo ya kitovu cha koni,
pale ukali unapopungua na utamu haujawa tope.
Nikangoja jirani amalize kutwanga.
Nikangoja adhana, nikangoja bodaboda,
nikangoja umeme urudi.
Kisha nikalituma swali:
mluzi mmoja unaopanda polepole,
unaanza chini, lori la mkonge likipita mbali,
unaishia juu kabisa, kwenye mbu.
Sanduku huliombi wimbo.
Unaliuliza kila sauti, moja baada ya nyingine,
na unaandika linachopenda, linachokataa,
linachojifanya halikusikia.

Kompyuta ikakunjua, ikakunja.
Jibu likaja: faili dogo kuliko picha ya kitambulisho,
robo ya sekunde, na nusu yake kimya.
Mvule, gunia, misumari,
nyufa zilizozibwa kwa nta,
vyote ndani ya flashi niliyoifunga
pamoja na ufunguo wa baiskeli.

Jumamosi mkokoteni ulikuja.
Sikutoka nje.

Usiku nikavaa hedifoni.
Gitaa likaingia kwenye kompyuta jembamba, kali,
nzi ndani ya chupa.
Nikafungua faili
na gunia likasimama mbele yangu.
Ile sauti ya katikati, ya puani kidogo,
ya mtu anayesema na kashata mdomoni.
Ndiyo. Ndiyo yenyewe.
Mama chumba cha pili hakusikia kitu;
mimi nilikuwa ukumbini na watu mia.

Nikapiga kwa nguvu zaidi,
hapo nikajua nilichokosa.

Baba akikasirika kwenye kamba ya sita
kiraka kilitetemeka: krrr,
kikohozi katikati ya sala.
Faili halikohoi. Ulipige, ulibembeleze,
linakujibu kwa uso uleule,
kwa sababu nililiuliza kwa upole
nikiogopa kiraka kisije kikafumuka.
Nilichonasa ni adabu yake.

Jumatatu seremala akamtuma kijana
na spika imefungwa gazetini:
"Hii si mbao."
Sumaku, koni, kiraka.
Niliiunganisha mezani bila nyumba yake.
Ikatoa krrr, hiyo tu,
krrr ya mtu aliyefukuzwa usiku.

Hasira sasa iko rafuni, adabu iko kwenye flashi.
Nimejaribu kuzikutanisha, nimeshindwa,
ingawa Mwanakombo anasema sauti ni ileile
na masikio yangu yanapenda kesi.

Barazani umebaki mraba mweupe juu ya saruji.
Jioni wale kuku wanakuja,
wanauzunguka,
wanadonoa pembeni, hawaingii,
mpaka mama anawaita.